Nimeuza tuktuk. Uzi mrefu kuhusu maswali ambayo ningejiuliza kabla ya kununua

#1 FundiBaridi

Assalaam alaikum, na salamu kwa wote. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai na aisogeze karibu.

Mimi ni fundi wa friji na AC, nakaa Tudor. Mwaka jana nilinunua tuktuk ya mkono wa pili kwa shilingi 230,000. Juzi, baada ya miezi saba, nimeiuza kwa hasara. Kila nikipita watu wananiuliza kulikoni, na nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naeleza hapa mara moja yaishe.

Kabla ya kununua nilifanya utafiti, au ndivyo nilivyojidanganya. Jioni tatu nilikaa stegi ya Buxton nikinywa kahawa chungu na wenye tuktuk, nikiwauliza: inalipa? Wote saba wakanambia inalipa. Mmoja wao ana tatu, na amejenga Mshomoroni. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya spea: dereva ataleta 1,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi tisa pesa yangu imerudi na tuktuk ni yangu. Wallahi ilikuwa hesabu tamu kuitazama.

Kujumlisha nilijumlisha sawa. Niliowauliza ndio walionipoteza. Mtu aliyefilisika na tuktuk hakai stegi saa kumi na mbili jioni akinywa kahawa. Ameshauza, yuko kwao, au anabeba mizigo Marikiti. Mimi niliuliza waliosalia peke yao.

Baadaye sana ndipo nikasoma kisa cha Abraham Wald. Alikuwa mwanahesabu, Myahudi aliyezaliwa Austria-Hungaria, akawakimbia Wanazi akaingia Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi na kikundi cha wanatakwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ndege za kivita zilikuwa zikirudi zimetobolewa kwa risasi, na swali likawa: bamba la chuma la kuzikinga liwekwe wapi? Ukiweka kila mahali ndege inakuwa nzito mno. Jicho la kawaida litasema weka palipotoboka zaidi. Kazi ya Wald ya mwaka 1943 ilielekeza kwingine. Ndege hizo zilipigwa hapo na bado zikarudi. Zilizopigwa kwenye injini ndizo ambazo hazikurudi kuhesabiwa. (Na yeye mwenyewe, subhanallah, alikuja kufa kwa ajali ya ndege kule India mwaka 1950.)

Siku hizi mtu akinambia biashara fulani inalipa, namuuliza walioiacha nitawapata wapi. Na si kazi kuwapata. Ningekwenda kwa madalali wa tuktuk tu, au kwa fundi wa gereji yoyote Kongowea, kwa sababu za waliofilisika zote hupitia kwao.

Mambo haya wenyewe wanayaita vielelezo vya kufikiri. Kenneth Craik, mwanasaikolojia wa Cambridge, aliandika mwaka huo huo wa 1943 kwamba akili hubeba kielelezo kidogo cha dunia, na mtu hujaribu jambo humo kwanza kabla ya kulifanya huku nje. Aliyelipigia debe wazo la kukusanya vielelezo kutoka elimu nyingi ni Charlie Munger, yule mshirika wa mwekezaji tajiri Warren Buffett, kwa hotuba aliyoitoa mwaka 1994 kwa wanafunzi wa biashara kule California. Alifariki Novemba 2023, amebakisha kama mwezi mmoja tu atimize miaka 100. Mimi hizo elimu nyingi sina. Nina vielelezo viwili vitatu, na kimoja nimekitumia kwenye friji miaka yote bila kujua kama kina jina.

Mteja akipiga simu friji haigandishi, kijana wangu wa kazi mbio: kompresa imekufa. Kompresa ndiyo aliyojifunza mwezi uliopita, basi kila friji kwake ni kompresa. Mimi najiuliza kwanza: katika friji zote nilizowahi kufungua zenye lalamiko hili, nyingi zilikuwa na nini? Raba ya mlango imelegea. Vumbi na mafuta ya kukaangia yameganda kwenye kondensa huko nyuma. Stima ya mtaa iko chini. Kompresa huja mwisho wa foleni. Kuna mama mmoja alikuwa ameshaambiwa atoe 14,000 za kompresa. Nikachukua noti ya mia, nikaibana kwenye mlango wa friji, nikafunga, nikaivuta. Ikateleza ikatoka kama nimeitoa mfukoni. Nikaibana juu ya mlango, vivyo hivyo. Raba tu.

Sasa ajabu yangu ni hii: kwenye friji naanza na lililo la kawaida, kwenye tuktuk nikaanza na yule mwenye nyumba Mshomoroni.

#2 BintiKuze

Kaka umeeleza nikaelewa. Lakini mbona ulikaa nayo miezi saba? Dereva asipoleta pesa mwezi wa kwanza si unajua tu?

#3 FundiBaridi

Dadangu, hapo ndipo paliponiuma.

Ninalo daftari. Kwa miezi saba tuktuk iliingiza 118,400. Matengenezo yakala 74,900. Mwezi wa pili ilikuwa klachi, mwezi wa nne injini ikafunguliwa yote, na tairi sizitaji. Kila nikitoa pesa najiambia nimeshatia nyingi mno, siwezi kuiacha sasa. Yaani pesa iliyokwisha kwenda ndiyo niliyoifanya sababu ya kutoa nyingine! Hiyo inaitwa gharama iliyozama. Imezama, hata ukipiga mbizi hairudi. Uingereza na Ufaransa waliugua ugonjwa huu na ile ndege yao Concorde. Ilishajulikana mauzo hayatarudisha gharama, na wakaendelea. Ndege 14 tu ndizo zilizoingia kazini kubeba abiria, na mwaka 2003 zilizobaki zikapumzishwa. Mpaka leo kosa hili linaitwa kwa jina la ndege hiyo, kwa hiyo angalau niko na wenzangu wakubwa.

Daniel Kahneman na mwenzake Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Makadirio yao ya baadaye yalikuja karibu mara mbili. Kahneman akapewa Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa ameshafariki. Nikisoma hayo naiona sura yangu, maana kuuza tuktuk kulikuwa ni kukiri hasara mbele ya watu, na kuitengeneza kulikuwa ni kuiahirisha hasara hiyo hiyo.

Halafu gia boksi ikafa. Fundi akataka 38,000. Mimi nishaanza kupiga simu niazime, mke wangu yuko jikoni anasukuma chapati, akaniuliza bila hata kugeuka: "Kama leo huna tuktuk, na mtu akakuletea hii hii, gia boksi imekufa, akakwambia lete 135,000 kisha utie 38,000 zako, ungeinunua?"

Nikamwambia mimi si mwendawazimu.

Akasema, "Haya basi."

135,000 ndiyo bei ambayo dalali alikuwa ameshataja. Nikauza. Ukijumlisha na faida ya daftari, hasara yangu ni 51,500. Zile 38,000 nikanunua pampu yangu mwenyewe ya kuvuta hewa na seti ya geji. Nilikuwa nikiazima kwa mwenzangu shilingi 500 kila siku ya kazi, na joto la kaskazi likianza hapa Mombasa simu za AC hazilali. Miezi saba pesa yangu ilikuwa imekaa kwenye tuktuk, na sikuwahi kujiuliza ingekuwa inafanya nini mahali pengine.

#4 MzeeTezi

Wanangu, naona mnakwenda mpaka Marekani kuchota maji na kisima kiko uani. Sisi tulilelewa kwa methali. Kuuliza si ujinga. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Haraka haraka haina baraka. Nani alihitaji hao kina Walidi?

#5 MwalimuZamuYaUsiku

Shikamoo mzee. Hapo kwenye haraka haraka ndipo pananitatiza tangu utoto. Nikikawia naambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikifanya upesi, haraka haraka haina baraka. Zote za wazee wetu, zote zina hekima, na zinavutana shati. Atakayenambia leo ni zamu ya ipi ni nani? Nilichompendea FundiBaridi ni kwamba vielelezo vyake vinakuuliza swali, na jibu unakwenda kulitafuta mwenyewe.

#6 MzeeTezi

Marahaba mwalimu. Swali lako ni zuri na jibu lake ninalo, tena si la kitabuni.

Marehemu babangu alikuwa baharia wa majahazi. Jahazi likitoka hapa kwenda Arabuni linakwenda na kusi, na kurudi linangoja kaskazi. Ni miezi. Ukishapata upepo ukaondoka huwezi kugeuka katikati ya njia ukasema nimesahau tambi za tanga. Kwa hiyo safari hiyo wakiifikiri sana. Wataangalia kamba, maji, kalafati, nani mgonjwa, mpaka utachoka. Lakini mtu wa ngalawa anayekwenda kuvua hapo nyuma ya mwamba, asubuhi yuko maji, adhuhuri yuko nyumbani. Akikaa pwani siku mbili akitafakari watoto watalala njaa. Huyo aende tu. Akikosa samaki kesho ajaribu pengine.

Basi mwalimu, tazama kama kuna kurudi. Kama kurudi kupo, ngoja ngoja itakuumiza tumbo. Kama hakuna, usiwe na haraka.

#7 FundiBaridi

Mzee shikamoo, na hapo nimekaa chini. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliwaandikia wenye hisa zake jambo hili hili katika barua ya mwaka 2015. Alisema kuna maamuzi ya mlango unaoweza kurudi nao na ya mlango usio na kurudi, na kampuni zikikua huyapa yote mawazo mazito sawa sawa mpaka zinaganda. Kusi na kaskazi umeeleza vizuri kumliko.

Na ndiyo nikijipima, tuktuk kumbe ilikuwa na mlango wa kurudi. Ningeikodi mwezi mmoja kutoka kwa mwenyewe, nikaona daftari linasemaje, kabla ya kutoa 230,000. Halikunijia kabisa.

#8 KijanaWaSkwodi

Kwa hiyo hata nikinunua viazi karai nisimame pale nifikirie ndege za Marekani? 😂

#9 FundiBaridi

Wewe kula viazi vyako. Usisahau ukwaju.

#10 MvukaFeri

Mimi nakaa Likoni, kazi yangu Moi Avenue. Nina kielelezo kimoja tu na kimeniokoa kazi.

Ukitazama ramani ya simu, lile jimkono la bahari la feri ni kama nusu kilomita. Kwenye ramani unaruka. Miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu "dakika arobaini na tano niko hapo", na niliamini kabisa, na nilichelewa kila siku. Kila kuchelewa kulikuwa na kisa chake: leo foleni, jana mvua, juzi mkokoteni wa mtu ulikwama pale kwenye mteremko watu wote wakasimama. Kila kisa kwangu kilikuwa ajali ya siku ile tu.

Kumbe watafiti walishayajua haya. Mwaka 1994 wanasaikolojia watatu, Buehler, Griffin na Ross, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliulizwa watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa siku 34. Wakamaliza kwa wastani wa siku 55. Kila mmoja alikuwa akitazama kazi iliyo mbele yake, hakutazama zile za nyuma zilivyokwenda.

Nikaanza kuandika kwenye simu. Nikifunga mlango wa nyumba, saa. Nikivuta kiti ofisini, saa. Mwezi mzima. Dakika 45 niliipata mara mbili tu. Siku nyingi zilikuwa kati ya 65 na 80, na siku moja ya mvua ilikuwa saa moja na dakika hamsini, viatu mkononi. Kwa hiyo leo mtu akitaka kuonana nami natoka dakika 80 kabla. Nikifika mapema nanunua dafu. Bosi anadhani nimeokoka.

#11 MamaDoti

MvukaFeri umenichekesha, hasa viatu mkononi.

Mimi yangu ni ya Biashara Street. Sare ya harusi ikitajwa, mimi naweza kuzunguka maduka ya kanga tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Hii rangi nzuri ila jina lake baya. Ile jina zuri ila pindo limekolea mno. Narudi duka la kwanza, ile niliyoipenda imeshauzwa, nanunua nyingine kwa hasira na kwenye harusi nimenuna.

Mwanangu wa chuo akanambia kuna msomi Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi 1978, aliyesema binadamu hana muda wala akili ya kukagua kila kitu duniani apate bora kuliko vyote. Hujiwekea kiwango, na cha kwanza kufikia kiwango hicho hukichukua. Sasa kabla sijashuka matatu naandika masharti matatu: bei mwisho ngapi, rangi zisizoingia kabisa, na jina lisiwe la kumpiga mtu kijembe (mawifi zangu wanasoma kanga kama gazeti). Doti ya kwanza kutimiza hayo nanunua na naondoka bila kugeuza shingo. Huenda nzuri zaidi ilikuwa duka la pili. Sitajua, na nalala.

#12 BintiKuze

Basi na mimi nitoe yangu, maana ni ya harusi pia.

Mdogo wangu aliolewa mwezi wa tano. Kamati ya kina mama kumi na mmoja, kila mtu anasema mambo yako sawa. Nikawaambia wanipe robo saa tucheze mchezo. Tuseme leo ni siku ya pili baada ya harusi, na harusi imeharibika vibaya, aibu mpaka Lamu. Kila mtu aandike kwenye karatasi nini kilitokea. Hili la kulifanyia jambo uchunguzi wa maiti kabla halijafa lilielezwa na Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, katika makala ya mwaka 2007. Siri yake iko hapa: ukiuliza "kuna wasiwasi wowote?" watu wananyamaza kwa adabu, lakini ukisema limeshaharibika, kila mtu anataka aonekane mjuzi wa sababu.

Karatasi nne ziliandika mvua. Mwezi wa tano, masika, na hema letu halikuwa na kuta! Mbili ziliandika stima. Na shangazi mmoja, mtu mkimya, hakusema neno tangu kamati ianze, akaandika: "Mpishi wa pilau ana harusi nyingine Majengo siku hiyo hiyo." Alikuwa amejua wiki mbili. Hakusema kwa sababu mpishi ameletwa na dadake.

#13 MamaDoti

Auzubillahi. Mimi kamati hiyo ningetoka. Harusi haijafika mwajitabiria mabaya? Maneno huumba.

#14 BintiKuze

Wawili walitaka kutoka kweli. Bibi yangu ndiye aliyewatuliza. Alisema Mtume (SAW) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake ategemee Mungu, alimwambia mfunge kwanza kisha utegemee. Wakakaa.

#15 KijanaWaSkwodi

Na mvua ilinyesha?

#16 BintiKuze

Tone halikuanguka. Mpaka leo wananidai pesa za kuta za hema.

Lakini mpishi tulibadilisha, na yule wa kwanza huko Majengo alichelewa mpaka watu wakala mkate na soda.

#17 MwalimuZamuYaUsiku

Niseme moja ambalo halijasemwa. Vielelezo hivi mtu akivipenda sana anaanza kuwapiga navyo wenzake. Ninaye mwalimu mwenzangu, kila tukipendekeza jambo yeye "hiyo ni gharama iliyozama". Mtoto wa darasa la saba anataka kuacha Kifaransa baada ya miaka miwili, mwenzangu anasema aache, miaka imeshazama. Sasa swali si miaka iliyopita! Swali ni miezi iliyobaki itampa nini, na kwa yule mtoto ilikuwa kidogo tu aanze kusoma mwenyewe. Alitaja jina sahihi la kielelezo na akakosa jibu.

#18 FundiBaridi

Kweli kabisa mwalimu. Ni kama kijana wangu na kompresa.

#19 Mtwapa_Juu

Nimesoma yote tangu mwanzo. FundiBaridi, mimi nina 200,000 za chama na shemeji yangu aniambia ninunue tuktuk, inalipa sana. Waonaje?

#20 FundiBaridi

Shemeji anayo bado?

#21 Mtwapa_Juu

Anazo mbili.

#22 FundiBaridi

Ninajua. Nitumie ujumbe faraghani. Jumamosi niko Kongowea na kuna fundi wa gereji nataka ukae naye nusu saa, kwake ziko nane zimeegeshwa zinangoja mnunuzi. Ukimaliza naye, nitakupa daftari langu ukalisome nyumbani. Pesa za chama ziache benki.